Kijiti cha Kukorogea Damu

Mzee wa Kipsigis aliyechunga ng'ombe ujanani ananielewa haraka nikimweleza jinsi damu inavyoganda. Ng'ombe alifungwa kamba shingoni mpaka mshipa ukatuna, ukapigwa kwa mshale uliofungwa kizuizi ili usizame, na damu ikakingwa kwa chombo. Kijana alipewa kijiti akoroge bila kupumzika. Akizembea, damu yote ikawa donge. Akikoroga vizuri ilibaki majimaji, na kijiti kikatoka kimejaa nyuzi zinazonata. Nyuzi hizo tunaziita fibrini. Kijiti hakikuizuia damu isigande. Kilizivuta tu nyuzi zikaganda juu yake badala ya kuganda chomboni.

Kwa hiyo nikiulizwa huku Kericho na Bomet korona, ugonjwa wa mapafu, ilihusiana vipi na kiharusi au mguu kuvimba, naanzia kwenye kijiti hicho. Tena Kiswahili kimenirahisishia kazi: maziwa huganda, na damu huganda.

Ila cha kushangaza si kwamba damu huganda. Cha kushangaza ni kwamba haigandi humo mwilini, miaka sabini, bila mtu wa kuikoroga. Siri iko kwenye utando wa ndani ya mishipa, safu moja tu ya chembe bapa. Anayetengeneza mursik, maziwa yetu ya kugandisha, anajua kwamba kazi ni ndani ya kibuyu: usipokisugua na kukipaka mkaa wa mti wa senetwet inavyotakiwa, maziwa yakiharibika usimlaumu ng'ombe. Utando wa mshipa nao uko kazini saa zote. Unatoa naitriki oksidi, gesi inayolegeza mshipa, na unazizuia chembe za kugandisha damu zisinatane. Wakati huohuo umeweka akiba ya gundi, protini inayoitwa von Willebrand, ambayo huimwaga pale tu unapojeruhiwa.

Virusi vya korona huingia kwenye chembe kwa kushika protini iitwayo ACE2, na mapafuni vinaipata. Ukuta wa vifuko vya hewa umegusana na mishipa myembamba sana, ambamo chembe nyekundu hupita moja moja kama watu kwenye kijia katikati ya michai. Moto ukiwaka upande mmoja, jirani haponi. Aprili 2020 wataalamu wa Zurich walieleza jinsi walivyoukuta utando huo umevimba katika viungo kadhaa vya waliofariki. Mwezi uliofuata watafiti wengine walichapisha matokeo ya kulinganisha mapafu ya watu saba waliouawa na korona na ya waliouawa na homa ya mafua: vibonge vya damu kwenye vimishipa vya vifuko vya hewa vilikuwa mara tisa zaidi upande wa korona. Wataalamu bado wanabishana kama kirusi chenyewe huushambulia utando au ni askari wa mwili wanaopiga risasi ovyo. Mimi nauelekea upande wa pili zaidi, ingawa kwa mgonjwa matokeo ni yaleyale: gundi inamwagwa, nyuzi zinasukwa.

Ndiyo maana wengine walikosa pumzi ilhali hewa ilikuwa inaingia. Ni kama majani ya chai: yamechumwa, yamepimwa, yako kituoni, lakini lori la kiwanda limekwama kwenye matope. Hewa ilifika kifukoni; damu ya kuja kuibeba haikupita.

Hapa kwetu kifaa cha kupima oksijeni kidoleni kilihitaji akili zaidi. Mji wa Kericho uko kama mita 2,000 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya tano, kwa hiyo asilimia 94 au 95 kwa mtu mzima wa afya huku si habari. Halafu, Desemba 2020 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba kifaa hicho kiliwapa wagonjwa weusi alama nzuri wasizostahili karibu mara tatu zaidi ya weupe. Na vidole vya mchuma chai, vilivyokolea weusi wa utomvu wa majani mpaka kwenye kucha, navyo nilijifunza kuvisafisha kwanza.

Dawa ya kuzuia damu kuganda, heparini, ilisaidia ilipotolewa kwa kipimo kikubwa kwa waliolazwa kabla hawajazidiwa. Kwa waliokwisha fika chumba cha mahututi, kipimo hicho hakikuwaongezea nafuu. Na chanjo je? Naulizwa kila mara, kwa kuwa ile ya AstraZeneca, iliyofika Kenya Machi 2021, ilizua habari za damu kuganda. Habari hizo zilikuwa za kweli, lakini kwa watu wachache mno. Korona yenyewe iligandisha damu za wengi zaidi.

Tena tatizo halikuisha pamoja na homa. Utafiti wa Sweden uliohusu zaidi ya watu milioni moja walioambukizwa, uliochapishwa 2022, uliona hatari ya bonge mguuni ikiendelea kwa miezi mitatu, na ya bonge mapafuni kwa sita.

Kogo mmoja, yaani bibi, alinijia wiki tano baada ya kuugua, akiamini amechoshwa na miteremko. Nilichukua utepe wa fundi cherehani, nikapima kila mguu upana wa kiganja chini ya goti. Kulia sentimita 33, kushoto 37. Tofauti ikizidi tatu sisubiri, nampeleka kwenye picha ya mawimbi ya sauti, na bonge lilikuwepo. Nikamwandikia warfarini.

"Daktari, basi mboga niache?" aliuliza, kwa kuwa jirani alishamwambia sukuma na managu hugombana na dawa hiyo.

"Usiache, kogo. Kula kiasi kilekile kila siku, usile sufuria nzima Jumapili halafu ukakaa wiki bila."

Akacheka, akasema Jumapili ndiyo siku wajukuu wanakuja.

"Basi wape wao hiyo sufuria."