Je, Wajua? Bluu, Nyeupe na Tone la Nyekundu

Je, wajua kwamba bluu ya mabaharia ilianza kwa amri? Mwaka 1748 jeshi la majini la Uingereza liliwapangia maofisa wake sare ya kwanza: koti la bluu iliyokoza lenye mapambo meupe. Mabaharia wa kawaida walipangiwa sare yao mwaka 1857. Wakubwa kwanza, kama kawaida.

Wajua rangi hiyo ilitoka wapi? Kwenye nili. Nili haiyeyuki kwenye maji, kwa hiyo mtia rangi huibadilisha kwanza kwa dawa ndipo ikubali kuingia kwenye uzi. Kitambaa hutoka pipani kikiwa cha kijani-manjano. Kikipigwa na hewa, hugeuka bluu huku unakitazama.

Wajua kwamba fulana ya milia ina vipimo vya serikali? Amri ya Ufaransa ya tarehe 27 Machi 1858 ilitaka kiwiliwili kiwe na milia 21 myeupe, kila mmoja upana wa milimita 20, na kati yake milia ya bluu ya milimita 10. Wapo wanaosema ile 21 ni idadi ya ushindi wa Napoleon. Zichukue kama porojo za kijiweni. La maana ni kwamba nyeupe ni mara mbili ya bluu. Hapo ndipo mafundi wengi huharibu: hugawa milia sawa kwa sawa, na mvaaji akaonekana kama kipa wa timu ya mtaa. Mbunifu wa mavazi Coco Chanel, aliyefungua duka mwaka 1913 huko Deauville, mji wa ufukweni, alitazama mavazi ya watu wa bahari akayageuza kuwa fasheni ya wanawake wenye pesa. Nyumbani nako fuata hesabu ile ile ya nyeupe kuizidi bluu: kuta na mapazia yawe meupe, bluu iende kwenye kochi au zulia, nyekundu ibaki kwenye mto mmoja au taa. Nanga ya plastiki ukutani iache dukani.

Wajua mtoto aliyeipa umaarufu suti ya kibaharia? Ni Albert Edward, mwana wa Malkia Victoria, aliyevalishwa mwaka 1846 akiwa na miaka minne, na mchoraji Winterhalter akamchora nayo. Kufikia miaka ya 1920 ilikuwa sare ya wasichana wa shule Japani. Bata wa katuni Donald Duck naye anayo tangu 1934, bila suruali.

Na ile nyekundu chini ya meli? Si urembo. Kwa muda mrefu rangi ya chini ya meli ilichanganywa na oksidi ya shaba, ambayo yenyewe ni nyekundu, ili kuua viumbe na mwani unaong'ang'ania chombo na kukipunguzia mwendo. Pwani yetu kazi hiyo ilifanywa na deheni, yaani mafuta yaliyochanganywa na chokaa. Ndiyo maana tumbo la jahazi la kale ni jeupe. Kwa hiyo mtu wa Lamu akitaka sebule yenye rangi za bahari, nyeupe ya chokaa na kahawia ya mbao ni haki yake, hata asipogusa bluu.

Wajua kijani nacho kimo kwenye rangi za bahari? Usiku chombo huwasha taa nyekundu kushoto na ya kijani kulia.

Mwisho, bendera za ishara ambazo meli hutumia kuwasiliana. Rangi zake ni tano tu: nyekundu, bluu, manjano, nyeusi na nyeupe, kwa sababu hizo hutofautishika kwa mbali baharini. Siku hizi huchapwa kwenye mito na vikombe, ila kila moja ina maana yake. Ile ya miraba minne, miwili myekundu na miwili myeupe, humwambia nahodha mwingine: unaelekea kwenye hatari. Fikiria mara mbili kabla ya kuiweka kwenye kochi la wageni.