Uandishi wa Maelezo kwa Mitambo ya Kuchora Picha: Yasiyosemwa Hujazwa na Nani?

1. Utangulizi

Mwaka 2022 mitambo ya akili bandia inayochora picha kutokana na maandishi ilitoka katika maabara na kuingia mikononi mwa umma. Mtambo wa Midjourney ulifunguliwa kwa watumiaji mwezi Julai mwaka huo, na ule wa Stable Diffusion ukatolewa mwezi Agosti. Mtambo hapa si chombo cha chuma bali ni programu ya kompyuta. Mtumiaji huandika sentensi moja au aya nzima, na baada ya muda mfupi huletewa picha ambayo haikuwapo kabla ya kuandika kwake.

Kwa mwandishi wa kitabu cha shule, au mwalimu anayetayarisha somo na hana mchoraji, chombo cha namna hii kina mvuto mkubwa. Hata hivyo, wengi wanaokijaribu hurudi na malalamiko: picha ni nzuri lakini siyo waliyoikusudia. Aghalabu lawama hutupiwa mtambo, na utatuzi huachiwa wahandisi. Makala haya yanashikilia kwamba sehemu kubwa ya tatizo hilo ni ya lugha, na kwamba mwanaisimu ana la kusema juu yake. Hoja yenyewe ni moja: kila ambacho mwandishi anakiacha bila kukisema, mtambo hukijaza wenyewe, nao hukijaza kwa kufuata picha za watu walio wengi katika hifadhi yake, ambao si Waswahili.

2. Suala la istilahi

Yafaa kwanza kuliangalia jina la maandishi hayo. Neno "agizo" linaweza kupendekezwa, lakini agizo huelekezwa kwa mtu anayejua jambo linalotakiwa na anayeweza kuuliza pale asipoelewa. Neno "kidokezo" nalo lina kasoro iliyo kubwa zaidi, kwani kudokeza ni kusema kidogo ili msikilizaji akamilishe. Hicho ndicho hasa chanzo cha picha zisizofaa. Katika makala haya neno linalotumika ni "maelezo", kwa sababu ndiyo kazi yenyewe: kukieleza kitu kwa mtu ambaye hajawahi kukiona na ambaye hawezi kuuliza swali.

Tofauti hii yaweza kudhihirishwa kwa kitendawili kinachojulikana na kila mtoto: nyumba yangu haina mlango. Msikilizaji Mswahili hutabasamu na kujibu kuwa ni yai. Mtambo ukipewa maneno hayo hauna sababu ya kuchora yai. Utachora nyumba, na yamkini utaitia mlango. Kitendawili hukificha kitu na kumtaka msikilizaji akifichue kwa maarifa waliyo nayo wote wawili. Maelezo kwa mtambo ni kinyume chake, maana hayana maarifa ya pamoja ya kuyategemea.

3. Namna mtambo unavyosoma

Mtambo haukujifunza lugha kama mtoto ajifunzavyo. Ulifunzwa kwa picha zilizoambatana na maandishi yaliyozieleza, hasa yale yaliyokusanywa kutoka intaneti. Mfumo wa CLIP, uliotolewa na kampuni ya OpenAI mwaka 2021, ulifunzwa kwa jozi milioni 400 za picha na maandishi. Mkusanyo wa LAION-5B, uliotolewa mwaka 2022, una jozi bilioni 5.85, na katika hizo bilioni 2.32 zina maandishi ya Kiingereza. Matoleo ya kwanza ya Stable Diffusion yalifunzwa kwa sehemu za mkusanyo huo zenye Kiingereza.

Maandishi ya mtumiaji hukatwakatwa katika vipande vidogo, na kila kipande hugeuzwa kuwa namba. Katika matoleo hayo ya kwanza nafasi ilikuwa ya vipande 77 tu, na vyote vilivyozidi havikusomwa. Ukataji huo ulikadiriwa kwa maneno ya Kiingereza. Neno la Kiingereza lililozoeleka huweza kuwa kipande kimoja, ilhali kitenzi kama "wanaowapikia" huvunjwa katika vipande kadhaa visivyolingana na mofimu zake. Kwa hiyo sentensi ya Kiswahili huimaliza nafasi upesi, na bado haieleweki vyema. Baada ya hapo mtambo huanza na mchafuko wa nukta zisizo na umbo, ukaupunguza mchafuko huo hatua kwa hatua, ukiongozwa na zile namba, hadi picha itokee.

Mitambo iliyofuata imebadilika. DALL-E 3, iliyotolewa mwaka 2023, iliunganishwa na mtambo wa lugha ambao huyaandika upya maelezo ya mtumiaji na kuyarefusha kabla ya picha kuchorwa. Mabadiliko haya yameipa lugha kama Kiswahili nafuu, kwa maana mtambo wa lugha huielewa zaidi. Lakini hayakuliondoa tatizo la msingi. Pengo lililojazwa zamani na takwimu za picha sasa hujazwa kwanza na mwandishi wa pili, ambaye mtumiaji hakumwajiri wala hamwoni.

4. Mapengo yanayotokana na Kiswahili

4.1 Jinsia. Sentensi "Daktari anampima mgonjwa" ni kamili kisarufi. Viambishi vya ngeli ya A-WA havibainishi mume wala mke, na msomaji hahisi kupungukiwa. Lakini picha haiwezi kuchorwa bila kuamua. Mnamo Aprili 2022, katika taarifa yake juu ya hatari za DALL-E 2, kampuni ya OpenAI yenyewe ilikiri kwamba neno la mwanasheria lilielekea kuleta wanaume, na neno la muuguzi kuleta wanawake. Ilieleza pia kwamba neno la harusi lilielekea kuleta harusi za Kimagharibi. Mwandishi Mswahili anayeandika "harusi" na kunyamaza asishangae akiona gauni jeupe refu na keki ya ghorofa. Hapana budi aseme: bibi harusi mwenye hina mikononi hadi viwikoni, ameketi juu ya mkeka, wanawake waliojifunga leso wamemzunguka.

4.2 Maneno yenye maana zaidi ya moja. Kanga ni nguo na ni ndege. Paa ni la nyumba na ni mnyama. Tembo ni mnyama na ni kinywaji cha mnazi. Mto huwa na maji au huwekwa kitandani. Katika mazungumzo muktadha huchagua. Katika maelezo mafupi hakuna muktadha, na maana iliyo na picha nyingi zaidi ndiyo hushinda.

4.3 Upatanisho wa kisarufi. Katika "mashua ya mvuvi iliyochakaa" na "mashua ya mvuvi aliyechakaa", kiambishi kimoja kinatosha kuonyesha kama kilichochakaa ni chombo au ni mwenye chombo. Huu ni utajiri wa Kiswahili, lakini kwa mtambo uliofunzwa kwa Kiingereza viambishi hivyo ni vumbi tu. Isitoshe, hata mitambo inayopewa Kiingereza safi imejulikana kwa kuhamisha sifa: ikiambiwa leso nyekundu na mlango wa buluu, huenda mlango ukawa mwekundu. Dawa yake ni kukipa kila kitu kishazi chake, kuiweka sifa karibu na nomino yake, na kuirudia nomino badala ya kutegemea kirejeshi.

4.4 Ukanushi. Maelezo "bahari isiyo na mashua" hulitaja neno mashua, na kutajwa huko mara nyingi hutosha kuileta mashua katika picha. Mitambo kadhaa imetenga sehemu maalumu ya kuandikia visivyotakiwa. Pasipo sehemu hiyo, yafaa kueleza kwa kuthibitisha: maji matulivu na matupu hadi upeo wa macho.

5. Mfano: mwanamke anayekuna nazi

Ichukuliwe kwamba mwandishi wa kitabu cha msamiati anataka picha ya mbuzi, siyo mnyama bali kifaa cha kukunia nazi. Mwanafunzi wa pwani anakijua kifaa hiki kwao jikoni. Mwanafunzi wa bara huenda asikione popote ila katika ukurasa huo.

Maelezo ya kwanza yawe: "Mwanamke na mbuzi jikoni." Hapa pametajwa mnyama, na mnyama ndiye atakayekuja. Maelezo ya pili: "Mwanamke anakuna nazi." Mnyama ameondoka, lakini kifaa hakikutajwa, mtambo utakileta kile kilicho kingi katika picha za ughaibuni, yaani kikunio cha bati chenye matundu kinachosimamishwa mezani. Hata tafsiri sahihi ya Kiingereza ya jina la kifaa haitaokoa jambo, kwa kuwa jina hilo nalo huvuta vyombo vingine vya viwandani. Jina halitoshi pale ambapo kitu chenyewe hakina picha za kutosha katika hifadhi. Kinachobaki ni umbo.

Maelezo ya tatu yanaweza kuandikwa hivi:

"Mwanamke wa makamo wa pwani ya Kenya ameketi juu ya kigoda kifupi cha mbao kinachokunjwa. Mbele ya kigoda umetokeza ulimi wa chuma wenye meno nchani. Mikono yake miwili imeshika nusu ya nazi, na nyama nyeupe ya nazi imegusa meno ya chuma. Chenga nyeupe za nazi zinaanguka katika sinia iliyo chini ya ulimi. Mwanamke amejifunga leso nyekundu na nyeusi. Nyuma yake ni ua wa nyumba ya makuti. Mwanga wa asubuhi unatoka kushoto. Mwanamke anaonekana kwa upande, mwili mzima. Mchoro wa wino na rangi za maji kwa kitabu cha shule."

Mambo manne yanastahili kuangaliwa. Kwanza, mtu, kifaa na tendo vimetangulia na mandhari yamefuata, kwa sababu katika mitambo yenye nafasi finyu yaliyo mwishoni ndiyo hukatwa. Pili, kifaa kimeelezwa kwa sehemu zake na kazi ya kila sehemu, bila kutajwa jina linalopotosha. Tatu, upande wa kutazamia umeamuliwa. Mbuzi ikitazamwa kutoka mbele ulimi wake hauonekani vyema. Nne, aina ya mchoro imetajwa; pasipo kuitaja, mtambo huenda ukaleta kitu kinachofanana na fotografia, na msomaji akadhani ni ushahidi wa jambo lililotokea.

Maelezo haya yakipelekwa kwa mtambo usiojua Kiswahili vyema, yatafsiriwe na mwandishi mwenyewe, kwani ndiye anayejua ni neno lipi haliwezi kuachwa. Maneno kama jahazi, mashua na dau huweza kutumbukizwa yote katika jina moja la Kiingereza, na tofauti za vyombo hivyo zikapotea kabla mtambo haujaanza kazi.

6. Kujaribu na kusahihisha

Ni nadra picha ya kwanza kufaa. Kosa la kawaida ni kuyabadili maelezo yote kwa pamoja, hivi kwamba haijulikani ni neno lipi lililoleta badiliko. Mitambo kadhaa humruhusu mtumiaji kuishika namba ya kuanzia ya mchafuko uliotajwa hapo juu. Namba hiyo ikibaki ile ile na likabadilishwa neno moja tu, athari ya neno hilo huonekana wazi. Ni utaratibu ule ule wa mwanafonolojia anayelinganisha "pata" na "bata" ili aitenge fonimu.

Ukaguzi wa mwisho hauwezi kuachiwa mtambo. Idadi ya vitu na umbo la vidole ni makosa yanayoonekana na kila mtu. Yaliyo hatari zaidi ni makosa yasiyoonekana na asiyejua: ulimi wa chuma uliogeuzwa upande, nazi iliyoshikwa kwa namna ambayo ingemkata mtu mkono. Picha ya namna hii ni safi na ya kuvutia, na kwa sababu hiyo huaminiwa. Hivyo picha ya mbuzi ikaguliwe na mtu aliyekuna nazi, na picha ya mtepe ikaguliwe na mtu anayejua kwamba chombo hicho kilishonwa kwa kamba na kilikuwa na tanga la mkeka lenye pembe nne.

7. Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba uandishi bora wa maelezo kwa mitambo ya picha hautokani na maneno ya siri ya wahandisi. Unatokana na kujua lugha yako inasema nini na inanyamazia nini. Kiswahili hunyamazia jinsia, huachia muktadha uchague maana, na hubeba uhusiano wa maneno katika viambishi vidogo. Kati ya wasemaji, kunyamaza huko ni uungwana na wepesi wa lugha. Mbele ya mtambo ni mlango ulioachwa wazi.

Mambo mawili yanafuata. Katika ufundishaji, insha ya maelezo, ambayo mara nyingi huonekana zoezi la wanaoanza, yastahili kupewa uzito mpya. Mwanafunzi anayeweza kukieleza kifaa hata asiyekijua akakichora ana ujuzi unaohitajika sasa. Katika utafiti, idara za lugha zina picha, kamusi na wazee wanaojua majina ya vitu. Picha hizo zikiandikiwa maelezo sahihi ya Kiswahili na kuhifadhiwa mahali zinapoweza kusomwa, hifadhi ambazo mitambo hufunzwa kwazo hazitakuwa na kisingizio cha kutoijua mbuzi ya nazi. Kazi hiyo isipofanywa, picha katika vitabu vya watoto zitaendelea kuchorwa kwa kumbukumbu za watu wengine.