Pauni Moja ya Ijumaa

Ninyi mlio jikoni mkiandaa chai, ninyi mlio safarini, nanyi wagonjwa mnaotusikiliza mkiwa vitandani, karibuni tuketi pamoja kwa dakika hizi chache.

Majuzi tulipata ujumbe kutoka Uingereza. Aliyeuandika ni mama aliyelelewa katika parishi yetu, akabatizwa hapa na kupata kipaimara hapa, naye sasa anafanya kazi ya kuwatunza wazee katika mji mmoja wa kaskazini ya nchi hiyo. Ana watoto wawili katika shule ya msingi. Ametupa ruhusa tuyasimulie maneno yake, mradi tusimtaje jina wala shule.

Siku ya Jumatatu watoto walikuja na barua ya mwalimu. Ijumaa haitakuwa siku ya sare. Kila mtoto avae nguo azipendazo, naye alete pauni moja ya kuwasaidia watoto wenye shida. Ilikuwa barua ya tatu ya namna hiyo katika majuma matano. Mama huyu alikuwa amekwisha kutuma nyumbani fedha za matibabu ya mama yake, na mshahara ulikuwa bado siku sita. Zilizobaki zilikuwa nauli ya kwenda kazini kwa zamu ya usiku. Basi asubuhi ya Ijumaa akapiga simu shuleni, akasema watoto wote wawili wana homa. Watoto walikuwa mezani wakila mkate, wakimsikiliza. Kisha akatuuliza: "Mchungaji, nimesema uongo kwa ajili ya pauni mbili, na wanangu wamenisikia. Nihesabiwe kosa gani, la uongo au la kuwanyima maskini?"

Kabla ya kumjibu hatuna budi kuieleza desturi yenyewe, maana wengi wetu huku hatuijui, ingawa baadhi ya shule zetu za mijini zimekwisha kuianza. Waingereza huiita siku ya mufti. Wasikilizaji wetu wa Mombasa na Lamu wasishtuke, hapana Mufti yeyote anayehusika. Askari wa Kiingereza wa zamani walilitumia neno hilo kwa nguo za kiraia, na kutoka jeshini likaingia shuleni. Mtoto analipa kidogo, anaruhusiwa kuacha sare kwa siku moja, na fedha zinakwenda kwa wenye shida. Ukitazama kwa mbali huoni ubaya wo wote.

Michango mingine ya nchi ile ina historia ndefu. Siku ya Krismasi ya mwaka 1927, BBC ilitoa ombi la dakika tano redioni kwa ajili ya watoto wenye shida, zikapatikana pauni zaidi ya 1,100. Sisi tunaosema nanyi kwa redio twaipenda sana habari hiyo. Mtu alisikia akiwa nyumbani mwake, akapeleka alichoweza au hakupeleka, wala jirani yake hakujua. Mwaka 1980 kazi hiyo ikaingia kwenye televisheni kwa jina la Children in Need, na tangu 1985 alama yake ni yule dubu wa manjano mwenye kitambaa cha madoadoa kwenye jicho. Siku yake huwa Ijumaa ya mwezi wa Novemba, na watoto wengi huenda shuleni wamevaa nguo za madoadoa. Comic Relief ilianzishwa mwaka 1985 wakati wa njaa kuu ya Ethiopia, na mwaka 1988 ikawa na siku yake ya kwanza ya pua nyekundu; hapo mtoto huvaa nguo nyekundu. Mwaka 2012 Save the Children ikaanzisha siku ya sweta za Krismasi.

Wala hatusemi kwamba fedha hizo hazikufanya kazi. Zimefanya kazi hata kwetu. Mwaka 2011 wachekeshaji na watangazaji wa Kiingereza walikuja kukaa Kibera, wakapigwa filamu, ili watu wa kwao watoe kwa Comic Relief. Yuko mtu huku anayetusikiliza leo ambaye huenda alipata maji au dawa kwa sarafu ya mtoto asiyemjua. Tena twapenda watoto wajifunze kutoa. Shida yetu iko kwingine, katika mlango wa darasa asubuhi.

Fikirini kwanza juu ya sare yenyewe. Shule ya Christ's Hospital ilianzishwa London mwaka 1552 kwa ajili ya watoto maskini, nao wakavikwa koti refu la buluu walilopewa kwa sadaka. Sare ya shule, kwa sehemu kubwa, ilianza hivyo: vazi la mtoto aliyesaidiwa. Baadaye ikawa vazi la wote, na hapo ikapata faida nyingine tunayoijua vema katika shule zetu. Ndani ya sare mtoto wa daktari na mtoto wa mama muuza mboga huketi dawati moja, na mgeni hawezi kuwatenga. Sasa tumefika mahali ambapo mtoto huombwa sadaka ili aivue sare hiyo, na akiivua, yule maskini huonekana mara moja. Shati lake la nyumbani ni moja, limefupika mikono, na wenzake walikwisha kuliona mwezi uliopita.

Kwa hiyo gharama si pauni moja. Iko pauni, liko shati la madoadoa, iko nguo nyekundu, iko sweta yenye picha ya paa wa theluji ambayo haivaliwi tena baada ya Krismasi. Zidisha kwa watoto wawili au watatu. Mwenye mshahara mzuri hata hakumbuki alitoa. Lakini mgeni kama huyu mama wetu, ambaye kwa sheria za uhamiaji mara nyingi haruhusiwi kupata misaada ya serikali ambayo mwenyeji huipata, huihesabu kila sarafu.

Na shinikizo lenyewe lina njia yake ya upole. Hakuna anayelazimisha. Barua husema mchango ni wa hiari. Lakini barua hiyo haikupelekwa kwa mama. Imetiwa mkononi mwa mtoto, na mtoto wa miaka saba hajui maana ya hiari. Yeye ajua tu kwamba mwalimu amesema. Mama akisita, mtoto hulia, maana ndiye atakayesimama mbele ya ndoo ya sarafu wenzake wakitazama. Siku hizi shule nyingi huko hupokea fedha kwa programu ya simu, na ofisi yaweza kujua ni nani aliyelipa na nani hajalipa. Mwalimu naye si adui. Ameagizwa kutoka juu, na pengine ametoa mfukoni mwake kwa ajili ya watoto waliokuja mikono mitupu. Twawajua walimu wa namna hiyo hata huku kwetu.

Haya si mawazo ya mama mmoja mwenye huzuni. Mwaka 2014, katika mji wa Glasgow, shirika la Child Poverty Action Group lilianza kuwauliza watoto wenyewe habari ya gharama za siku ya shule. Watoto wakaeleza kwamba siku za kuvaa nguo za nyumbani na siku za michango ni kati ya siku ambazo mwenzao maskini hubaki nyumbani. Yaani siku iliyotengwa kwa ajili ya watoto wenye shida, mtoto mwenye shida ndiye asiyekuwapo. Hatukuweza kuyasoma maneno hayo bila kutulia kidogo.

Sasa natufungue Maandiko. Watu wakitaka kutuhimiza kutoa hupenda kumtaja mjane wa Marko 12, aliyetia sarafu zake mbili katika sanduku la hazina. Tumemhubiri mara nyingi sisi wenyewe. Lakini tulipokuwa katika chuo cha theolojia, mwalimu wetu alikuwa na desturi ya kutuambia tusome mistari miwili nyuma ya mahali tunapotaka kuanzia. Habari ya mjane huanza mstari wa 41. Mstari wa 40, Bwana alikuwa akiwakemea waandishi wanaokula nyumba za wajane huku wakisali sala ndefu. Mambo hayo mawili yamewekwa pamoja, na mhubiri asiyatenge. Bwana alimsifu mjane, hakulisifu sanduku. Wala hapana mahali tunaposoma kwamba mtu alimwendea mjane yule na karatasi ya majina, au kwamba mtoto wake alirudishwa kutoka hekaluni akalete sarafu ya pili.

Paulo naye alikuwa mchangishaji. Alizunguka makanisa mengi akikusanya fedha kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, akawaandikia Wakorintho sura mbili nzima juu ya jambo hilo, ya 8 na ya 9 katika waraka wa pili. Aliwasukuma, hatuwezi kukana. Hata aliwatajia Wamakedonia ili waone wivu mwema! Lakini aliweka mipaka. Katika 8:12 asema kipimo cha utoaji ni kile mtu alicho nacho, si kile asicho nacho. Katika mstari unaofuata akataa kabisa kwamba wengine wapate nafuu na wao waelemewe. Na katika 9:7 ataka kila mtu akate shauri moyoni mwake, asitoe kwa kusukumwa. Hapo ndipo pauni ya Ijumaa inapokwama. Mama aliyetoa kwa hofu ya aibu ya mtoto wake hakukata shauri lo lote moyoni. Ametozwa.

Kwa hiyo tulimjibu hivi. Habari ya uongo, ni uongo, nasi hatutaupaka rangi, autubie kwa Mungu, kisha aketi na watoto wake awaambie ukweli: "Sikuwa na fedha, nikaona haya kusema." Watoto wanaweza kuubeba ukweli huo vizuri kuliko tunavyodhani. Lakini habari ya kuwanyima maskini, hakumnyima mtu. Juma lilelile alikuwa amelipa dawa za mjane, yaani mama yake mzazi. Shule haikuyajua hayo, wala haikuwa na haja ya kuyajua.

Tena tulimwambia asinyamaze. Sheria ya Elimu ya Uingereza ya mwaka 1996 huziruhusu shule kuomba michango ya hiari kwa shughuli zake, lakini yataka mzazi aelezwe wazi kwamba halazimiki, na mtoto asitendewe tofauti kwa sababu mzazi hakutoa. Shule iliyozoea kufuata hayo katika mambo yake yenyewe haitashangaa ikiombwa kufanya vivyo hivyo kwa sadaka ya wengine. Amwandikie mwalimu mkuu kwa heshima. Asiombe msamaha wa pauni zake mbili tu, maana hapo atakuwa amejitia alama. Aombe kwa ajili ya wote: kiasi kisitajwe, lisimame sanduku lililofunikwa mahali pamoja, asiwepo mtu wa kuhesabu, na mtoto atakayependa kuja na sare yake aje nayo bila kuulizwa.

Amekwisha kuiandika barua hiyo. Mpaka siku tulipoandaa mazungumzo haya hajapata jibu.

Lakini tulipokuwa tukimwandikia, wasikilizaji wapendwa, jambo moja lilituchoma. Wazee kati yenu mwaikumbuka michango ya miaka ya 1980, jinsi karani alivyoandika majina na jinsi kuku au mbuzi wa mtu alivyoweza kuondoka uani kwa jina la Harambee. Sheria ya mwaka 2003 iliwakataza watumishi wa serikali kutumia vyeo vyao kuwashurutisha watu kuchanga. Sheria hiyo haikulitaja kanisa. Nasi katika shule yetu ya Jumapili tulikuwa na bahasha ndogo zilizoandikwa majina ya watoto, kwa ajili ya madawati ya kanisa jipya. Kila mwisho wa mwezi mwalimu alizisoma mbele ya wote, jina na kiasi, nao wenye kiasi kikubwa walipigiwa makofi. Sisi wenyewe tulikuwa tumesimama pale, tukipiga makofi pamoja nao.

Tukaenda tukamwuliza mwalimu yule kama wako watoto walioacha kuja. Akawataja wanne kwa majina, bila kufungua daftari.

Bahasha tumeziondoa. Mahali pake tumeweka sanduku la mbao lenye tundu juu, karibu na mlango, ambapo watoto hupita wakitoka, na mtu anaweza kutia au kupita tu. Nyumba za wale wanne tumezitembelea, watatu wamerudi. Jumapili ya kwanza fedha zilipungua zaidi ya nusu, na mhazini wetu, ndugu mwaminifu sana, alituletea hesabu akiwa na wasiwasi juu ya fundi wa madawati. Tulimwambia alipe fundi polepole, na sanduku liache pale lilipo.