Uopoaji wa mizinga ya Königsberg

Uopoaji wa mizinga ya Königsberg ni kazi ya kuondoa mizinga 10 ya manowari ya Kijerumani SMS Königsberg iliyozama katika delta ya mto Rufiji, eneo la Salale, mwaka 1915 wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia.

Historia

Meli hiyo iliingia deltani mwaka 1914 ikihitaji matengenezo. Sehemu zilizoharibika ziliburutwa nchi kavu na Waafrika wengi hadi karakana ya Dar es Salaam, kisha zikarudishwa. Tarehe 11 Julai 1915, baada ya kupigwa na manowari za Kiingereza Severn na Mersey, Kapteni Max Looff aliamuru meli izamishwe.

Meli nzima ilikuwa na urefu wa mita 115 hivi na uzito wa zaidi ya tani 3,000, hivyo haikuinuliwa. Mizinga iliopolewa mmojammoja, ikavutwa kwa nguvu za watu hadi Dar es Salaam na kutumika tena vitani. Mmoja ulifungwa kwenye meli Goetzen, ambayo leo ni MV Liemba, katika ziwa Tanganyika.

Kanuni za kuinua mzigo majini

Kitu kilicho majini huwa chepesi kwa kiasi cha uzito wa maji kinayoyasukuma. Kinapotoka juu, uzito wote hurudi. Kwa hiyo minyororo na winchi hupimwa kwa uzito wa nchi kavu, si wa majini. Tope nalo hushika mzigo. Ukinasuka ghafla, kamba inaweza kukatika.

Mzigo hufungwa ili ndoano iwe juu ya kitovu cha uzito wake, la sivyo hupinduka. Makapi yenye kamba 4 zinazobeba mzigo hupunguza nguvu inayohitajika hadi robo hivi, lakini kamba huvutwa mara 4 ya kimo cha kuinua. Hakuna mtu anayeruhusiwa kusimama chini ya mzigo unaoning'inia.

Mabaki

Mwaka 1924 haki ya kuchukua vyuma vya meli iliuzwa kwa pauni 200. Mwaka 1966 mabaki yalizama kabisa katika tope la mto. Mizinga mitatu ingalipo: Fort Jesus huko Mombasa, Pretoria na Jinja. Kilichoinuliwa kipande kwa kipande ndicho kilichosalia.