Minara ya Simu na Jinsi Inavyopangwa

Watu wengi hudhani kwamba simu mbili za mkononi huzungumza zenyewe kwa zenyewe, kama watu wawili wanaoitana kutoka ng'ambo hii ya mto hata ng'ambo ya pili. Sivyo. Simu ya mkononi ni chombo dhaifu; nguvu yake ya kutoa mawimbi ni wati 2 au pungufu. Sauti ya mwenye simu hugeuzwa kuwa mawimbi yasiyoonekana, nayo hufika katika mnara ulio karibu, basi. Kutoka hapo habari hupita katika waya, au katika nyuzi za kioo zilizofukiwa ardhini, au kwa mawimbi mengine ya kutoka mnara hata mnara, mpaka nyumba ya mitambo mikubwa. Mitambo hiyo ndiyo inayojua kwamba yule anayetafutwa yuko karibu na mnara gani, nayo hupeleka sauti huko. Hivyo watu wawili walioketi chini ya mwembe mmoja wakipigiana simu, maneno yao husafiri mbali kabla ya kurudi pale pale mwembeni.

Mawimbi hayo ni ya jamaa moja na nuru, nayo huenda kwa mwendo wa nuru, yaani kilometa 300,000 kwa sekunde moja. Wazee wa zamani waliyajua katika habari za simu ya upepo iliyotumiwa na meli. Kila wimbi hutikisika mara nyingi mno, na hesabu ya mitikisiko yake kwa sekunde huitwa masafa. Simu nyingi hutumia masafa ya mitikisiko kama milioni 900 kwa sekunde. Mwanafunzi akigawanya mita 300,000,000 kwa 900,000,000, ataona kwamba urefu wa wimbi moja ni theluthi ya mita, yaani rula moja na zaidi kidogo.

Sasa taabu ni hii. Watu wawili wakitumia masafa yale yale, mahali pamoja, kwa wakati mmoja, sauti zao huchanganyika, kama wapiga mbiu wawili wakisimama katika soko moja na kila mmoja akitangaza habari yake. Kwa hiyo kila mazungumzo yataka njia yake, na njia si nyingi. Serikali za dunia zimekwisha kuyagawanya masafa: haya ya meli, haya ya ndege, haya ya redio, haya ya askari, na mafungu mengine kwa simu. Masafa ni kama shamba lisiloongezeka. Watoto wakizidi, hapana budi wajue kulima vizuri zaidi.

Taabu hiyo ilionekana mapema huko Marekani. Tarehe 17 Juni 1946, katika mji wa St. Louis, kampuni ya simu ilianza kuwapa watu simu za kutumia ndani ya motokaa. Chombo chenyewe kilikuwa na uzito wa kilo 36 hivi, nacho kiliwekwa nyuma ya motokaa. Mpango ulikuwa mwepesi: mnara mmoja mrefu wenye nguvu nyingi ulisimamishwa, nao ulisikika mji mzima. Ulikuwa mpango mwepesi, lakini haukuweza kukua, kwa maana njia iliyoshikwa na mtu mmoja ilikuwa imeshikwa kwa mji wote, hata upande wa pili kabisa alikokuwa mwingine akiingoja. Mwaka 1976, katika New York na viunga vyake, ambako mamilioni ya watu walikaa, kampuni ilikuwa na njia 12 tu za simu hizo. Waliopata huduma walikuwa 543, na watu 3,700 waliandikwa katika orodha ya kungoja. Hata hao 543 walikuwa wakingojeana, maana wa kumi na tatu hakuwa na pa kupita.

Dawa ya jambo hilo ilikuwa imekwisha kuandikwa tangu Desemba 1947. Mhandisi mmoja wa maabara za Bell, jina lake D. H. Ring, alitoa shauri lililo kinyume cha mawazo ya kawaida. Badala ya kuupa mnara nguvu nyingi usikike mbali, upewe nguvu chache usisikike mbali. Mpiga mbiu wa soko hili na mpiga mbiu wa soko lililo mwendo wa saa tatu kutoka hapa hawasumbuani, hata wakitangaza kwa sauti moja na wakati mmoja. Basi nchi na igawanywe katika vipande vidogo, kila kipande na mnara wake, na masafa yaliyotumiwa hapa yatumiwe tena kule mbali. Vipande hivyo huitwa seli, nazo huchorwa katika karatasi kama vyumba vya sega la nyuki.

Kwa nini sega? Kila mnara hutupa mawimbi yake pande zote, na duara ndilo umbo lake. Lakini miduara haishikani; ikipangwa ubavu kwa ubavu huacha nafasi tupu katikati, na mtu akisimama katika nafasi hiyo simu yake haina kitu. Maumbo yenye pande zilizo sawa yanayojaza uwanja bila kuacha nafasi ni matatu tu: pembetatu, mraba, na pembesita. Katika hayo, pembesita ndiyo iliyo karibu na duara kuliko mengine, kwa hiyo hutosha nchi ile ile kwa minara michache zaidi. Nyuki hawakupata vyeti vya hesabu, lakini walifika hapo kwanza.

Faida ya mpango huo huonekana kwa hesabu. Tuseme kampuni ina njia 70. Ikisimamisha mnara mmoja mkubwa, watu 70 watazungumza kwa wakati mmoja, basi. Lakini njia hizo zikigawanywa katika mafungu 7 ya njia 10, na mji ukigawanywa katika seli 21, kila fungu litatumika katika seli tatu zilizo mbalimbali. Kila seli ina njia 10. 21 mara 10 ni 210. Watu wakiongezeka, upana wa kila seli hupunguzwa nusu. Eneo la kila moja huwa robo ya lile la kwanza, kwa hiyo seli huwa 84, na wanaozungumza pamoja 840. Masafa ni yale yale 70. Hakuna aliyeongeza hata moja. Kilichoongezeka ni minara, na gharama yake.

Hesabu ya saba haikuchaguliwa kwa bahati. Mafungu yakiwa saba, na seli zikipangwa vema, kutoka katikati ya seli moja hata katikati ya seli nyingine yenye fungu lile lile huwa umbali wa mara nne na nusu na zaidi kidogo ya nusu upana wa seli. Seli ikienea kilometa 2 kutoka mnarani, mwenzake mwenye masafa yale yale yuko kilometa 9 na kidogo. Mafungu yakiwa machache, kila seli hupata njia nyingi lakini sauti za wenzake huingia. Yakiwa mengi, sauti ni safi lakini njia ni haba. Mitambo ya siku hizi ina werevu zaidi, nayo huweza kutumia masafa yote katika kila seli na kuyapambanua mazungumzo kwa njia nyingine. Hata hivyo jirani bado humsumbua jirani yake, na kazi ya mpangaji ni kupunguza sumbuko hilo.

Palikuwa na jambo jingine gumu. Motokaa haikai katika seli moja. Dereva aliyeanza kuzungumza karibu na mnara wa kwanza atafika karibu na wa pili kabla ya kumaliza, na masafa ya kule ni mengine. Ndipo minara ikawa na desturi ya kukabidhiana, kama wakimbiaji wa kupokezana kijiti. Mitambo hupima nguvu ya mawimbi kila wakati. Ikiona kwamba mnara wa pili wasikika vizuri kuliko wa kwanza, huiamuru simu ihamie masafa mengine, na mwenye simu hana habari. Amos Joel, mhandisi wa Bell, alipewa hati ya uvumbuzi wa mambo hayo mwaka 1972. Kazi hiyo haikuwezekana kwa mikono ya watu, ilingoja kompyuta. Iligoja pia serikali ya Marekani itoe masafa. Kwa hiyo shauri la 1947 lilijaribiwa Chicago mwaka 1978 kwa seli 10, na mji huo ukafunguliwa kwa biashara tarehe 13 Oktoba 1983. Wajapani walikuwa wamewatangulia, maana Tokyo ilikuwa na seli zake tangu 1979. Mitambo ya namna ile ya Chicago sasa imepitwa. Tangu 2008 kampuni za Marekani hazilazimishwi kuitumia.

Mpangaji akitaka kujua seli yahitaji njia ngapi, huwahesabu watu kwanza, na hapo ndipo wengi hukosea. Tuseme mnara una njia 10, na katika saa yenye kazi nyingi kila mtu huzungumza dakika 3. Njia 10 kwa dakika 60 ni dakika 600. Asiyefikiri sana atagawanya 600 kwa 3, na kusema kwamba mnara utawatosha watu 200. Hesabu ni sahihi, lakini shauri si sahihi, maana watu hawapigi simu kwa kupanga mstari. Mara njia nne ziko tupu. Mara watu kumi na watano wazitaka kwa pamoja, na watano hukataliwa. Aliyeyapatia mambo haya kanuni ni Mdenmarki mmoja, Agner Krarup Erlang, aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, naye aliitoa mwaka 1917, zamani sana kabla ya simu za mkononi. Kwa kanuni yake, watu 200 wakitegemea njia 10 hizo, simu kama 21 katika kila 100 zitakataliwa. Wakiwa 100, zitakataliwa kama 2 tu. Na katika zile 21 huenda moja ni ya mtu ambaye mkewe ameshikwa na uchungu, naye amtafuta mkunga. Mitambo haiwezi kumjua. Kwake simu zote ni sawa. Hayo yote huamuliwa na yule aliyeandika tarakimu 10 katika karatasi yake mwaka uliopita.

Kanuni ya Erlang ina ajabu moja zaidi. Njia 20 zikiwekwa pamoja haziwatoshi watu 200 kwa daraja ile ile, bali 260 hivi. Njia zilizo pamoja husaidiana, kwa hiyo si vema kuzigawanya katika mafungu madogo mno.

Baada ya watu huja nchi yenyewe. Mawimbi hupungua nguvu kadiri yaendavyo. Katika anga tupu, umbali ukizidi mara mbili, nguvu huwa robo. Penye nyumba na miti, yaweza kushuka hata kuwa moja katika kumi na sita. Mjapani Yoshihisa Okumura na wenzake walizunguka Tokyo na nchi za jirani kwa motokaa wakipima, wakatoa habari zao mwaka 1968. Mwaka 1980 Masaru Hata aligeuza michoro yao kuwa kanuni za hesabu, na wapangaji wa nchi nyingi wamezitumia tangu hapo. Lakini Tokyo si Usambara. Katika nchi ya milima mtu hufikiri kwamba mnara uwekwe katika kilele kirefu kuliko vyote. Mara nyingi ni kosa. Kutoka kileleni mawimbi hupita juu ya vijiji vya bondeni na kwenda kuwasumbua watu wa mbali wasioyahitaji, na walio chini ya mteremko hukaa kivulini. Kilima kifupi kinachotazama bonde ni bora. Maji nayo yana hila yake. Mawimbi huteleza juu ya ziwa au bahari na kufika mbali kuliko ilivyokusudiwa.

Tena si shauri la mnara kusikika tu, bali na kusikia. Mtu mwenye baragumu akinena na mtoto aliye mbali, mtoto humsikia, lakini sauti ya mtoto hairudi. Mnara wenye nguvu kupita kiasi huwa hivyo: simu huonyesha kwamba mawimbi yapo, lakini mwenye nayo akipiga, hapati.

Kisha fedha. Mnara wataka kiwanja, barabara ya kupelekea saruji na chuma, na umeme. Usipokuwapo umeme, wataka mafuta kila mwezi au vioo vya jua na betri. Kijiji cha watu 300 kilicho mbali na barabara hakirudishi gharama hizo, na kampuni ikiachiwa peke yake itakiruka. Kwa sababu hiyo serikali kadha zimeweka fungu la fedha kwa mahali kama hapo. Katika Tanzania sheria ya mwaka 2006 iliunda Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ili minara ifike pasipo na faida ya biashara.

Mnara ukiisha kusimama, kazi ya mpangaji haijaisha. Watu hupita barabarani na vyombo vya kupimia, wakiandika nguvu ya mawimbi hatua kwa hatua, na kulinganisha na ramani iliyochorwa. Mahali pengine hulazimu kuuinamisha uso wa antena digrii mbili tatu ili mawimbi yashuke bondeni. Tena kipimo cha kiangazi hakitoshi. Miombo iliyopukutika majani huyaacha mawimbi yapite. Mvua zikinyesha, majani mabichi yaliyojaa maji huyanywa. Kwa hiyo penye misitu wapimaji hurudi tena wakati wa masika, na vyombo vile vile, katika njia ile ile.