Ufundi wa majokofu: Mkono unajua, cheti kiko wapi?

UKIPITA Katwe hapa Kampala, utaona majokofu yamepangwa kando ya njia, mengine yamefunguliwa mgongo, na vijana wameyainamia na mitungi yao ya gesi. Wengi hawakukaa darasani kujifunza kazi hii. Walimfuata fundi, wakambebea spana miaka miwili mitatu, wakajua. Wapo pia waliojifunza ugenini, Nairobi au Goma, wakarudi na mikono inayojua kazi lakini bila karatasi yoyote mfukoni.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, si fundi. Ila nilisoma ukimbizini, Mombasa, katika mfumo wa 8-4-4 ulioanza Kenya mwaka 1985, na shuleni tulishikishwa randa na msumeno pamoja na vitabu. Kwa hiyo sina ile dharau ya baadhi ya walimu wenzangu wanaodhani ufundi ni wa walioshindwa mtihani. (Friji zao zikizima, utawaona wanavyomnyenyekea fundi.)

Kilichonifanya niandike ni kijana mmoja niliyemfundisha, aliyerudi nchini na wazazi wake akiwa tayari mkubwa. Friji za nyumbani anazitengeneza vizuri. Yangu ameifufua mara mbili. Aliomba kazi ya kutunza viyoyozi katika hoteli moja.

"Mwalimu, walinidai cheti hata kabla ya kunionyesha mashine," aliniambia. Kazi akapewa mwingine.

Je, wenye hoteli walikosea? Kwa maoni yangu, si sana. Kazi yenyewe imebadilika. Zamani friji zilitumia gesi ya R-12, ambayo haikushika moto. Ilikuwa ikiharibu tabaka la ozoni, ndiyo maana Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 ukaiwekea mwisho, na nchi zetu zikatakiwa kuachana nayo ifikapo 2010. R-22 ya viyoyozi vya zamani inafuata njia hiyo hiyo: mwisho wake kwa nchi zinazoendelea ni 2030, isipokuwa kiasi kidogo cha matengenezo. Kisha Oktoba 2016, mataifa yakakutana kwa jirani zetu Kigali na kukubaliana kupunguza pia gesi za kundi la R-134a, kwa sababu zinaongeza joto duniani.

Friji nyingi mpya sasa zina R-600a, na hiyo inawaka. Friji ya nyumbani huwekewa gramu chache, zisizofika 150, na hupimwa kwa mizani, si kwa kusikiliza mlio wa kompresa. Fundi akichomelea bomba la shaba huku gesi hiyo imebaki ndani, anaweza kuunguza nyumba ya watu. Jambo hili halijifunzwi kwa kubeba spana za fundi aliyezoea R-12.

Ndugu mliorudi, mkimtafutia mtoto chuo, msitosheke na jina la chuo wala rangi ya geti. Ombeni kuiona karakana. Kuna pampu ya kuvuta hewa? Kuna mashine ya kukusanya gesi badala ya kuiachia hewani? Mizani je? Wanafunzi wangapi wanagawana kiyoyozi kimoja? Chuo kinachofundisha majokofu kwa ubao na chaki tu kitakula ada yenu bure.

Na aliye tayari fundi hana haja ya kuanza upya. Kwa miaka mingi Idara ya Mafunzo ya Viwandani, DIT, imepima mafundi wa mitaani kwa vitendo na kuwapa kitabu kiitwacho Worker's PAS, kinachoonyesha kazi anazoziweza mwenyewe, hata kama hakumaliza shule. Sheria mpya ya mafunzo ya ufundi ya mwaka 2025 imepanga upya mambo ya mitihani, kwa hiyo ulizeni kwanza ni ofisi gani inapokea maombi, msimlipe mtu wa kati. Kijana wangu ameanza kukusanya ada yake.

Wafanyabiashara wa mpakani nanyi hamko mbali na habari hii. Anayefungua duka la samaki Mpondwe au la maziwa Elegu anahitaji ubaridi wa nyuzi 4 hivi kwa maziwa na barafu ya kutosha kwa samaki, na friza ikizima usiku mmoja mtaji umeoza. Kumbukeni pia kwamba katika bajeti ya mwaka 2009 serikali ya Uganda ilitangaza marufuku ya kuingiza majokofu yaliyotumika. Hata mnaponunua ndani ya nchi, angalieni kibandiko nyuma ya friji, karibu na kompresa: jina la gesi na uzito wake kwa gramu vimeandikwa hapo. Mkikuta kimebanduliwa, mrudishieni mwenyewe friji yake.