Kuacha Sigara: Dawa na Ushauri Viende Pamoja



Wengi wetu tumejaribu kuacha sigara zaidi ya mara moja. Tunajikaza siku mbili tatu, kisha saa ya mapumziko mwenzetu anawasha, nasi tunaomba kipisi. Halafu tunaambiwa kwamba hatuna nia. Maneno hayo si ya haki.

Sigara humfunga mtu kwa kamba mbili. Ya kwanza ni nikotini, ambayo mwili umeizoea. Mvutaji akiikosa huwa na hasira, hukosa usingizi, na mawazo hayatulii. Kamba ya pili ni mazoea: sigara baada ya chai, sigara njiani kwenda zamu ya usiku, sigara ya kuongea na wenzake.

Dawa hulegeza kamba ya kwanza. Kibandiko cha ngozini au chingamu yenye nikotini huupa mwili nikotini kidogo kidogo, bila moshi, kwa muda wa wiki 8 hadi 12 hivi. Viko pia vidonge vya bupropioni na vareniklini. Hivyo huanzwa wiki moja au mbili kabla ya siku ya kuacha, kwa maagizo ya daktari. Mwenye kifafa hapewi bupropioni.

Ushauri hufungua kamba ya pili. Mshauri humsaidia mtu kuchagua siku ya kuacha, kuzitambua saa zake za hatari, na kupanga mapema la kufanya saa hizo zikifika. Akiteleza, hurudi akaeleza, hatukanwi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2024 unashauri dawa na ushauri vitolewe pamoja, kwani ndivyo wengi zaidi wanavyofaulu. Pasipo dawa, ushauri peke yake bado unafaa.

Kwa wenzetu wa viwanda vya pamba haja ni kubwa zaidi, maana mapafu yao hupigwa na vumbi pamoja na moshi.

Sheria ya Uganda ya mwaka 2015 inakataza kuvuta sigara mahali pa kazi. Ni sheria nzuri, lakini kukataza siyo kutibu. Kwa hiyo wajumbe wa matawi tudai haya katika mazungumzo na waajiri: zahanati ya kazini iwe na dawa hizi, awepo mshauri, na mfanyakazi apewe ruhusa ya kumwona bila kukatwa mshahara.

Nasi tufanye sehemu yetu. Mwenzetu akitangaza siku yake ya kuacha, tusimpe kipisi.